Namba za jumbe zinahama kila nikifuta tangazo, naombeni ushauri

#1 MlimaElgon
Habari za jioni ndugu zangu. Naandika kutoka Mbale. Nasimamia jukwaa dogo la wakulima wa kahawa wa upande wetu wa mlima, na wachache wa ng'ambo, Bungoma. Tunaandika Kiswahili. Mgisu na Mbukusu wangesikilizana hata bila hicho, lakini na Msabiny wa Kapchorwa tungefanyaje?

Jambo lenyewe ni hili. Kwenye uzi wa kutu ya majani, ujumbe wa 14 ulikuwa na kipimo cha dawa kwa bomba la lita 20. Watu wakazoea kuelekezana, "fuata namba 14". Mwezi uliopita niligundua matangazo matatu ya mikopo yamejipenyeza kwenye uzi huo, yote juu ya ule ujumbe. Nikayafuta. Programu ikahesabu upya: 14 ikawa 11, na uliokuwa wa 17 ukakalia 14. Huo wa 17 nao ulikuwa kipimo, ila cha pipa la lita 200.

Mzee mmoja wa Sironko alikuwa ameandika "14" kwa chaki kwenye mlango wa stoo yake asije akasahau. Siku ya kupulizia akachukua simu ya mwanawe, akaisoma 14, akapima dawa ya pipa zima akaimwaga kwenye bomba la mgongoni. Nilikwenda kuona. Miti karibu arobaini, majani yameungua kingo, yamekuwa rangi ya ugoro, ukiyashika yanavunjika. Mzee hakunilaumu. Alinionyesha tu ile chaki mlangoni.

Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Nifanyeje namba zisihame tena? Na swali la pili: vijana wanataka jumbe mpya zikae juu, wazee wanataka za kwanza zitangulie. Nimsikilize nani?

#2 KaraniWaMizani
Pole sana ndugu, na mfikishie mzee pole zetu.

Mimi si mtu wa kompyuta, napima kahawa stoo. Kitabu changu cha risiti kina namba zilizochapwa kiwandani. Nikikosea kilo kwenye risiti ya 218, siichani. Napiga mistari miwili, naandika IMEFUTWA, nakala zote mbili zinabaki kitabuni, mkulima anapata 219. Mkaguzi akija akaikuta 218 ina mistari, hana neno. Akikuta 217 halafu 219, hapo nitalala ofisini. Na hakuna siku 219 itageuka kuwa 218 eti kwa sababu ile iliharibika, maana mkulima ana karatasi yake nyumbani yenye 219. Mzee wako naye ana karatasi yake, ni ule mlango.

#3 FundiKawempe
Karani kamaliza. Ngoja niliseme kifundi.

Ssebo, programu yako haihifadhi namba, inahesabu tu. Kila mtu akifungua uzi, inazipanga jumbe zilizopo na kuanza moja, mbili, tatu. Ile 14 haikuwahi kuandikwa popote. Ndani ya databesi, yaani ghala la data la jukwaa, kila ujumbe una namba nyingine, ya jukwaa zima, ambayo haiguswi hata ukifuta jumbe mia. Kwenye phpBB, programu ya majukwaa iliyoanza mwaka 2000, ndiyo ile unayoiona kwenye linki baada ya herufi p. Discourse, programu nyingine ya majukwaa, wao wanaupa kila ujumbe namba ndani ya uzi wake mara tu unapoingia, na ukifutwa linabaki pengo. Wewe unahitaji hiyo ya pili, kwa sababu mzee hawezi kuandika mlangoni namba ya tarakimu sita.

Ongeza safu moja kwenye jedwali la jumbe, na kila uzi uwe na kaunta yake. Ujumbe ukiingia, kaunta inapanda, namba inaandikwa, basi. Usije ukahesabu jumbe zilizopo na kuongeza moja! Ukishafuta ujumbe mmoja, hesabu inarudi nyuma na jumbe mbili zinagongana namba. Weka na sharti kwenye databesi lenyewe kwamba ndani ya uzi mmoja namba haijirudii, maana watu wawili wakibonyeza "tuma" kwa nukta moja, ndipo utakapojua kama kazi yako ni imara.

Na kufuta kuwe kuficha. Maneno yaondoke machoni, namba ibaki.

#4
*Ujumbe huu umeondolewa na msimamizi (tangazo).*

#5 MlimaElgon
Asanteni mno. Sasa namba za zamani nitazipataje, ikiwa matangazo yameshafutika kabisa? Na kuna jambo lingine la ajabu: ujumbe wa dada mmoja wa Bududa aliouandika juzi umeruka hadi mwanzo kabisa wa uzi, juu hata ya swali lenyewe. Tarehe yake inasoma 1 Januari 1970, saa tisa usiku.

#6 FundiKawempe
Kama una nakala ya akiba ya kabla hujafuta, ifungue pembeni, hesabu kila uzi kama ulivyokuwa siku ile, na namba hizo uzibandike kwenye safu mpya. Usikisie hata moja. Jumbe zilizoingia baada ya nakala zitaendelea kutoka pale.

Huyo dada simu yake ilizimika betri ikapoteza tarehe, nawe unapanga kwa saa ya simu. Kompyuta nyingi zinahesabu sekunde kuanzia saa sita usiku ya 1 Januari 1970 kwa saa za UTC, yaani saa za kimataifa, na Uganda iko saa tatu mbele. Sifuri yake kwetu ni saa tisa usiku. Tumia saa ambayo seva, ile kompyuta inayoendesha jukwaa, imepokea ujumbe, ihifadhi kwa UTC, saa tatu uziongeze wakati wa kuonyesha tu.

Ila usipange kwa saa. Panga kwa ile namba ya uzi, na uitaje wazi kwenye agizo. Databesi usipoiambia ipange kwa kitu gani, haina wajibu wa kukupa mpangilio wowote. Leo utaona sawa, kesho umegeuka.

#7 MwalimuBusia
Kuhusu swali la pili, naona maswali mawili yamechanganywa. Orodha ya nyuzi ni kitu kimoja, ndani ya uzi ni kitu kingine. Kwenye orodha, uzi uliojibiwa karibuni upande juu, na vijana watapata upya wanaoutaka. Ndani ya uzi, swali litangulie na majibu yafuate yalivyokuja. Watu wetu wanaandika "kama alivyosema wa juu yangu". Ukigeuza, au ukipanga kwa kura, wa juu yake anakuwa mtu mwingine na sentensi inasema uongo ambao mwandishi hakuusema.

Halafu, mwanangu, namba isibebe dawa peke yake. Anayemwelekeza mwenzake anukuu kipimo chenyewe: dawa gani, kiasi gani, bomba la lita ngapi.

#8 Kapchorwa_Boy
Mimi napenda majibu yaingie chini ya ujumbe unaojibiwa, kama matawi. Barua pepe zinabeba alama ya "hii inajibu ile" tangu viwango vya miaka ya 1970. Ila nakubali kwenye simu ndogo jibu la sita linabanwa ukingoni, maneno mawili kwa mstari.

#9 MlimaElgon
Mrejesho. Nakala ya akiba ilikuwepo kwenye flashi, ya wiki moja kabla. Nimeanza na uzi wa kutu: ya bomba imerudi kuwa 14, ya pipa imerudi 17, na pale yalipokuwa matangazo pameandikwa "umeondolewa". Mpangilio nimeuacha kama alivyosema mwalimu.

Jana nilipanda Sironko na chaki. Mzee amenisomea kipimo, mimi nimeandika mlangoni, kiasi na lita 20, chini ya ile 14 yake ambayo amekataa niifute. Zimebaki nyuzi tisa, nazo zote ni za vipimo. Naendelea nazo usiku huu.