Tupeane uzoefu: kumwongezea mgonjwa damu, mnakagua nini kabla na baada ya kuifungulia?

Wadau wa wodini, naanza na pale makosa makubwa yanapozaliwa: utambuzi. Usimwulize mgonjwa "Wewe ndiye fulani?", maana mwenye homa kali huitikia tu. Ataje mwenyewe majina yake yote na tarehe ya kuzaliwa, kisha linganisha na mkanda wa mkononi, fomu na lebo ya mfuko: namba, kundi la damu, Rh (chanya au hasi), tarehe ya kuisha muda. Wauguzi wawili, kando ya kitanda, kila mmoja akisoma kivyake. Kukagulia mezani hakuhesabiki. Mkanda hauko pale. Ongezeeni.

Wa maabara: Kosa huanzia kwenye sampuli. Chupa ikiandikwa jina kabla ya kutoa damu, au ikabebwa tupu hadi mezani, damu ya huyu hupimwa kwa jina la yule. Kama kundi lake halijawahi kurekodiwa, sisi huku hatuna pa kugundulia. Andikeni pale pale kitandani. Mfuko unaovuja, wenye mabonge au uliogeuka zambarau, rudisheni. Mfuko mzuri ukishatolewa kwenye friji, uanze ndani ya dakika 30 na uishe ndani ya saa 4, kwani bakteria hupenda joto la chumba. Msiuloweke kwenye maji ya moto; seli hupasuka.

Zamu ya usiku: Laini ya damu ipite maji ya chumvi ya 0.9% tu. Dekstrosi 5% (maji ya sukari) huharibu seli, Ringa (dripu yenye chumvi mbalimbali) ina kalsiamu inayogandisha damu. Dawa usichomeke humo kabisa. Kwa seti (mpira wa kuongezea damu) ya matone 20 kwa ml, ml 300 kwa saa 3 ni 300 × 20 ÷ 180, yaani matone 33 kwa dakika. Ila dakika 15 za kwanza nenda na matone 20 kwa dakika, nawe ukiwa hapo hapo. Joto, mapigo, presha na upumuaji: kabla, dakika ya 15, na mwisho. Kundi lisilopatana hujionyesha kwa ml chache tu: maumivu ya kiuno, mshipa kuwaka moto, kutetemeka, presha kushuka. Aliye kwenye nusu kaputi hawezi kulalamika. Mtazame presha na rangi ya mkojo.

Wa watoto: Seli nyekundu ml 10 kwa kilo. Wa kilo 8 ni ml 80, kwa saa 4 ni ml 20 kwa saa. Tumia seti yenye bureti (kichupa chenye vipimo), jaza ya saa moja tu. Akianza kuhema na kukohoa, simamisha, mkalishe wima, ita daktari: huenda moyo umezidiwa na maji.

Zamu ya usiku: Dalili yoyote, funga kwanza. Badilisha seti nzima ndipo uweke maji ya chumvi. Ukisukuma kupitia seti ile ile unamwongezea damu iliyobaki mpirani. Mfuko na seti viende maabara pamoja na sampuli mpya ya damu na mkojo. Kisha rudia kusoma lebo na mkanda upesi: kama mifuko imepishana, wa pili huenda unatundikwa sasa hivi kitanda kingine.