Tupeane uzoefu: ABS inayopasuka, weupe unaogeuka njano, na leseni zilizotunyima Macross

Mkusanyaji_Mvita
Wakuu, salaam. Kuna picha ya Jetfire ya 1985, ile roboti ya Transformers inayogeuka ndege, inazunguka tangu juzi. Mabawa yamekuwa rangi ya chai ya maziwa, kifua bado cheupe pe. Watu wanauliza kama iliunguzwa. Haikuunguzwa. Ile ni ABS nyeupe, aina ya plastiki ngumu, iliyokaa miaka karibu na dirisha, na kila kipande kimegeuka kwa kasi yake kwa sababu mchanganyiko wa plastiki haukuwa sawa na mwanga haukufika kila mahali.

Tuweke hapa kila mtu anachokijua kuhusu roboti za Kijapani na namna zinavyoharibika mikononi mwa wakusanyaji wa Ulaya na Marekani, wakiwemo ndugu zetu walioko huko. Gunpla (modeli za Gundam za kuunganisha mwenyewe), chogokin (roboti zenye chuma ndani), sanamu za PVC (plastiki laini), diski, mizigo kukwama forodhani, chochote. Ila tafadhali tuandike vitu vinavyofanyika: vipimo, hatua, sababu. "Kuwa makini" peke yake haimsaidii mtu.

FundiMsasa
Naanza na baya kuliko yote: wino wa mifereji kwenye ABS.

Modeli imeshaunganishwa, imesimama vizuri, imebaki kutiwa ule wino mweusi kwenye mifereji ili mistari ionekane. Unagusa kwa ncha ya brashi, wino unakimbia wenyewe. Dakika kumi baadaye kiuno kinalia "tak", mguu unaanguka mezani.

Sababu ni hii. Wino ule una tina ya enameli, yaani kiyeyusho cha rangi. Kipande cha ABS kilichoshika pini kiko kwenye mkazo muda wote, pini inasukuma kuta za tundu kwa nje. Tina inapenya kwenye nyufa ndogo ambazo jicho halizioni, mkazo unamalizia kazi. Kipande hichohicho kikiwa bado kwenye fremu, ule wavu wa plastiki vipande vinakokatwa, hakijabanwa na kitu, mara nyingi kinapona. Ndiyo maana watu wanabishana, huyu anasema wino haudhuru, yule anasema unaua. Wote wameona kweli, tofauti ni mkazo.

Kwa hiyo:

Soma kibao cha fremu kabla ya kukata. Kimeandikwa aina ya plastiki: PS, ABS au PE, na kijitabu cha maelekezo kinayo orodha. Mifupa ya ndani ya MG (daraja la Gunpla kubwa) nyingi za zamani ni ABS, magamba ya nje ni PS. PE ni vile vikombe laini vya kijivu vya kwenye viungo, hivyo havishiki rangi wala gundi, usihangaike navyo.

Tia wino kabla ya kuunganisha. Kwanza pitisha vanishi ya kung'aa, acha saa 24. Tone liwe dogo, ncha iguse mfereji tu. Ziada ifutwe kwa kijiti cha pamba kilicholoweshwa kidogo na kukamuliwa. Kulowesha chapachapa ndiko kunakoua. Kisha acha tina iruke usiku mzima ndipo ubane pini.

Pini ikishakatika, gundi ya kawaida ya modeli inashika ABS kwa udhaifu. Toboa pande zote mbili kwa keekee ya mkono ya mm 1, ingiza kipande cha waya wa shaba wa mm 1, tia superglue kidogo sana. Ikizidi inatambaa hadi kwenye kiungo na kukigandisha, hapo umeongeza tatizo la pili.

Zaituni_Leeds
Hapo kwenye mkazo umemaliza kila kitu.

mtoto_wa_kidedea
Fundi, nakuheshimu ila kumwambia mgeni aanze na vanishi ni kumchosha. Kalamu ya wino yenye ncha nyembamba inatosha kabisa kwa HG, lile daraja rahisi. Chora, subiri nusu dakika, futa kwa kifutio cha penseli. Hakuna tina, hakuna kupasuka.

FundiMsasa
Kwa HG sawa. Kwa RG, daraja dogo lenye vitu vingi vidogo, ambayo mfereji wake ni mwembamba kama unywele, ncha ya kalamu haiingii, inakaa juu na mstari unatoka mnene. Mwanzo wa safari tumia kalamu, sina ugomvi hapo.

Kiboko_Minnesota
Na kipande kikitolewa kwenye fremu kikatwe mara mbili jamani. Mara ya kwanza acha mm 2 au 3 za kijiti, mara ya pili sogea karibu, kilichobaki punguza kwa kisu kisha msasa 400, 600, 800, 1000. Ukikata mara moja pale pale kwenye ngozi, plastiki inavutwa na kuacha doa jeupe. Kwenye rangi nyeusi na bluu doa lile linaonekana toka mlangoni.

Mama_Valkyrie
Turudi kwenye unjano maana ndio uliotuleta. Njia inayotumika sana ni haidrojeni peroksaidi ya 12%, ile krimu ya saluni iliyoandikwa 40 vol. Vua stika na skrubu zote, vaa glavu, paka unene ulio sawa, funga kwa plastiki ya jikoni isikauke, weka kwenye mwanga wa UV. Kila saa moja fungua, koroga krimu juu ya kipande, funga tena. Ikikauka sehemu moja unapata mawingumawingu ambayo hayatoki. Usipake kwenye kromu, rangi wala chuma.

Babu_Chogokin
Binti yangu, mimi nakataa njia hiyo. Weupe unarudi lakini baada ya miaka unjano unaweza kuja tena, na plastiki iliyokwisha kuliwa na jua inazidi kukauka na kuwa kama ganda la yai. Jetfire ina viungo vinavyobeba uzito wa miguu. Mnunuzi anayejua anauliza kwanza kama imepaushwa. Iacheni njano yake, itoeni juani, basi.

Mama_Valkyrie
Babu, shikamoo. Ya kuuza iachwe kama ilivyo, nakubali. Ya kukaa kabatini kwangu nitaipausha.

Chipukizi_Toronto
Samahanini wakuu, mimi mgeni. Hii Jetfire mbona ni Valkyrie kabisa, ile ndege-roboti ya katuni ya Macross? Hasbro, wenye Transformers, waliiba?

Wakili_wa_Kabati
Hawakuiba. Kaa kitako, maana jibu lake ndilo linaloeleza kwa nini Macross ilichelewa hivyo kufika Magharibi.

Macross ilianza kuonyeshwa Japani Oktoba 1982. Michoro ni ya Studio Nue, pesa na usimamizi ni Big West, na Tatsunoko aliingia kwenye utengenezaji akapewa haki za kuiuza nje ya Japani. Mwanasesere wa kipimo cha 1/55 alitengenezwa na kampuni ya Takatoku. Takatoku akafilisika 1984, kalibu zikaishia kwa Bandai. Hasbro, aliyekuwa anatafuta roboti za kujaza Transformers, akachukua mwanasesere huyohuyo akamwita Jetfire. Ya mwanzomwanzo bado ina alama ya jeshi la Macross kwenye bawa, angalieni picha. Kwenye katuni hawakuthubutu kumchora vile, wakamchora mwingine kabisa wakamwita Skyfire.

Mwaka huohuo wa 1985 Harmony Gold, kampuni ya Marekani iliyonunua leseni kwa Tatsunoko, akatoa katuni ya Robotech. Televisheni za Marekani zilizokuwa zinaonyesha katuni kila siku ya kazi zilitaka angalau vipindi 65. Macross ina 36. Mtayarishaji wao Carl Macek akaiunganisha na Southern Cross na Mospeada, mifululizo mitatu isiyojuana, ikawa hadithi moja ya vipindi 85.

Sasa fundo liko hapa. Mwenye filamu na mwenye michoro ni watu wawili. Mahakama za Tokyo zilisema hivyo: 2002 zikaamua michoro ya roboti na wahusika ni ya Big West na Studio Nue, 2003 zikaamua filamu ya mfululizo ule wa kwanza ni ya Tatsunoko. Nje ya Japani Harmony Gold alishikilia leseni yake na kusajili jina kama chapa ya biashara. Matokeo yake Macross zilizofuata zilikuwa zinatoka Japani na kugota mpakani. Mtu wa Chicago au Manchester aliyetaka Valkyrie mpya alikuwa anaagiza kwa duka la Japani moja kwa moja, kwa sababu msambazaji wa kwao hakuthubutu kuiweka rafuni.

2017 usuluhishi uliofanyika Marekani ukathibitisha leseni ya Harmony Gold inaisha 14 Machi 2021. Watu wakaanza kuhesabu siku. 2019 ikatangazwa imeongezwa, ikawa huzuni tupu. Kisha Aprili 2021 Big West na Harmony Gold wakatangaza wamekubaliana, na milango ya Macross nyingi zilizofuata ikafunguka duniani.

Kiboko_Minnesota
Miaka yote ile! Watu wamezeeka wakisubiri.

mtoto_wa_kidedea
Mimi Harmony Gold siwasamehe. Walikata muziki, wakabadili majina, halafu wakakaa mlangoni na rungu.

Mama_Valkyrie
Kaka, bila Robotech hao unaowaita mashabiki wa Magharibi wangeijua Valkyrie kwa njia gani? Voltron ya 1984 nayo imetokana na katuni ya Kijapani ya GoLion iliyokatwakatwa. Wafaransa walipata katuni ya roboti Grendizer 1978 ikiitwa Goldorak, na majina yamebadilishwa, na hadi leo wanaipenda kama ya kwao. Mlango wa kwanza ulikuwa huo.

mtoto_wa_kidedea
Kuingiza watu mlangoni sawa. Kuwafungia vyumba vingine ndiyo shida yangu.

Wakili_wa_Kabati
Mnazungumzia mambo mawili tofauti. Kukata vipindi ni uamuzi wa 1985. Kufunga soko ni suala la chapa na leseni, lililokuja kuuma baadaye. Na halikuwauma mashabiki wa anime peke yao. Mchezo wa mezani wa BattleTech wa kampuni ya FASA ulitumia picha za roboti za Macross na katuni nyingine, Dougram na Crusher Joe, kwa leseni ya kampuni ya uagizaji modeli. Roboti yao Warhammer ni Tomahawk ya Macross, Marauder ni Glaug ya Macross. Harmony Gold akashtaki, wakamalizana 1996, picha zikaondolewa vitabuni. Wachezaji wanaziita "Unseen" hadi leo. Ndiyo maana sanamu za madini za toleo la zamani zinasakwa.

Bi_Forodha
Wakati mnabishana, kuna watu mizigo yao imekwama. Sikilizeni.

Kuna uzito wa mzani na uzito wa ujazo. Kampuni nyingi za kurusha vifurushi huzidisha urefu, upana na kina kwa sentimita, hugawa kwa 5,000, halafu hutoza ule ulio mkubwa. Chukua boksi la sm 39 × 31 × 10. Ni 12,090, gawa, unapata kilo 2.4. Ndani plastiki haifiki nusu ya hapo. Kwa hiyo Gunpla, ambayo ni boksi kubwa jepesi, iende kwa EMS, huduma ya posta ya haraka, inayoangalia mzani. Chogokin, ambayo ni boksi dogo zito, linganisha bei zote mbili.

Kodi: Umoja wa Ulaya tangu 1 Julai 2021 unatoza VAT kuanzia euro ya kwanza. Uingereza mzigo usiozidi pauni 135 VAT yake ya 20% inakatwa dukani wakati wa kulipa, kwa hiyo hifadhi risiti usije ukatozwa mara ya pili. Marekani ule msamaha wa ushuru kwa mizigo ya hadi dola 800 uliondolewa 29 Agosti 2025, bei za zamani mlizozizoea zisahauni.

Na msimwombe muuzaji aandike "zawadi" au bei ya chini. Kikipotea, bima inalipa kilichoandikwa.

Zaituni_Leeds
Naongezea kwenye diski. Diski zina alama za eneo, na mashine husoma za eneo lake tu. Blu-ray ya Japani na ya Marekani zote ni A, zinaingiliana. Sehemu kubwa ya Ulaya na Afrika ni B. DVD ndiyo tofauti, Japani ni 2, Marekani ni 1, sehemu kubwa ya Afrika ni 5. Angalieni nyuma ya boksi kabla ya kulipa.

Chipukizi_Toronto
Asanteni sana. Swali la mwisho: nimepulizia vanishi ya kufifisha mng'ao, modeli nzima imekuwa na vumbi jeupe kama imemwagiwa unga. Imekufa?

FundiMsasa
Haijafa. Hewa ilikuwa na unyevu, maji yamenaswa ndani ya vanishi ikiwa inakauka. Unyevu ukipita 70% usipulize kabisa. Subiri siku kavu, pitisha tabaka jembamba la vanishi ya kung'aa ya aina hiyohiyo, mara nyingi weupe unayeyuka. Ikikauka rudia ya kufifisha: tikisa kopo dakika mbili, simama sm 20 hadi 25, anza kupuliza nje ya kipande, pita juu yake, malizia nje. Tabaka tatu nyembamba, si moja nzito. Na macho ya plastiki angavu uyatoe kwanza, yakishafifia ni vigumu kuyarudisha.

Babu_Chogokin
Na usiiweke tena kabatini mpaka harufu iishe kabisa. Sanamu za PVC nazo ndivyo hivyo, zikifungiwa kwenye boksi bila hewa zinatoa mafuta na kunata. Zikishanata ni maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, brashi laini ya meno, kausha kivulini. Usizisimamishe juu ya modeli iliyopakwa rangi, yale mafuta yanaila.

Chipukizi_Toronto
Macho sikuyatoa, Babu. Shikamoo.

FundiMsasa
Basi angalia herufi ya fremu kwenye kijitabu. Ukurasa wa mwisho wa vijitabu vingi una fomu ya kuagiza vipuri, ila ni kwa walioko Japani. Ukiwa huko nje, tafuta mtu anayeuza fremu mojamoja zilizobaki. Andika jina la modeli, kipimo na herufi ya fremu, utaipata.