Tupeane uzoefu: wazee wetu waliobeba mizigo Kilimanjaro kabla ya hifadhi

Wakuu, wazee wanaondoka. Mwenye babu, baba au mjomba aliyepanda mlima kabla ya hifadhi kuanzishwa mwaka 1973, aweke hapa alichosimuliwa.

Vitabuni tunasoma kwamba Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889, Meyer akiwa anajaribu kwa mara ya tatu. Walipokelewa na Mangi (chifu) Marealle wa Marangu, na hadi leo watu wa huko wanamtaja Yohani Kinyala Lauwo, kijana wao aliyewaongoza, aliyefariki 1996. Zaidi ya huyo, nani mwingine? Huko juu kuna sehemu zenye majina ya wageni: kuna Gillman, kuna Stella, kuna Reusch. Waliobeba mahema na kuni hawana hata jiwe lenye jina lao huko juu, na mimi hilo linaniuma.

Naanza na ya kwetu. Babu mzaa mama, wa Marangu, alianza upagazi baada ya Vita vya Pili. Mzigo kichwani juu ya ngata ya majani makavu ya mgomba, blanketi la kulalia ndilo koti la mchana. Leo mpagazi hatakiwi kuzidisha kilo 20. Yeye alibeba alichotwishwa. Wageni wakilala kibandani, wao walijibana pangoni na moto wao. Mpaka anazeeka aliviita vibanda Bismarck na Peters, kama alivyovikuta. Sisi tumekua vikiitwa Mandara na Horombo, majina ya mamangi wetu, na nilipomwambia Horombo ni yule mangi wa Keni, Rombo, alifurahi sana.

*Mjukuu wa Mamba:*
Shikamoo mkuu. Kwetu mabati ya kwanza yalitokana na mlima, kahawa ilikuwa ya ada. Baba mkubwa alisubiri mavuno yaishe ndipo aende getini kutafuta safari. Bibi alimfungia kiburu (ndizi zilizopikwa na maharage) kwenye jani la mgomba, akakila kimepoa siku ya kwanza, baada ya hapo ni ugali na maharage mpaka anashuka.

*Rombo Juu:*
Mimi nina ya usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alipopandisha bendera na Mwenge kileleni. Mama alikuwa binti mdogo. Anasema kijiji kizima kilikesha nje kikitazama kilele cha Kibo. Mwanga hawakuuona, lakini hakuna aliyekubali kuingia ndani kulala.

*Kibosho:*
Naongezea kidogo. Bibi yangu alisema wanawake walibeba ndizi na maziwa hadi vihamba (mashamba ya nyumbani) vinapoishia, hapo wanaume wakapokea. Malipo sijui walipewa nani.

*Mwanzisha mada:*
Asante sana Kibosho, hiyo ya kina mama sikuwahi kuisikia. Kama bibi yupo, muulize ilikuwa kijiji gani na vyakula vilikuwa vya safari za akina nani. Wa Machame na Old Moshi, tunawasubiri.