Skima inamwaga maji kila umeme ukirudi, nifanyeje?

upanga_ghorofani

Wakuu, habari za jioni. Nina tangi la samaki wa maji chumvi sebuleni, urefu sentimita 120, upana 50, kina 50. Chini yake, ndani ya kabati, kuna sampu ya kioo ya 90 kwa 40, yaani tangi la pili linalopokea maji yanayoshuka kutoka juu. Haina vigawanyo, ni boksi tupu lenye pampu ya kurudisha maji juu, na skima ya protini, kile kifaa kinachotoa uchafu wa maji kwa povu, imesimama humo humo. Kikombe cha skima nimekiunga mpira unaoshuka hadi kwenye dumu la lita tano nje ya kabati, nisiwe namwaga uchafu kila siku.

Shida ni hii. Umeme ukikatika usiku na kurudi, skima inachachamaa. Badala ya ule uchafu mweusi wa kila siku inatoa maji meupe, dumu linajaa, yanafurika sakafuni na kupita chini ya mlango hadi koridoni. Jirani wa chini keshapanda kunigongea, dari lake limepiga doa. Valvu ya hewa nimeibana nikailegeza, kikombe nimekipandisha nikakishusha. Siku za kawaida mambo shwari, umeme ukirudi ni yale yale. Na huku kwetu unaweza kukatika na kurudi mara tatu nne usiku mmoja.

Halafu Jumapili ikamwaga mchana kweupe, umeme upo. Asubuhi yake nilikuwa nimeshikiza mawe kwa ile gundi ya kukanda ya sehemu mbili, sijui kama yanahusiana. Maji matamu ya kufidia yanayokauka yanaingia yenyewe kwa boya ya kawaida ya tenki kutoka pipa dogo. Samaki ni kangaja mmoja na vitatange wawili. Skima ndiyo mbovu? Ninunue nyingine?

jembe_halichoki

Bana hewa mkuu, ya kwangu ilitulia hivyo hivyo.

fundi_baridi

Usinunue kitu, na hewa usiiguse tena. Skima ni nzima. Kinachobadilika ni kina cha maji inamosimama.

Mdomo wa paipu ya kurudisha maji uko chini ya uso wa maji kiasi gani kule juu? Tuchukue sentimita 3. Pampu ikisimama, ile paipu inageuka kuwa mpira wa kufyonzea petroli: inavuta maji ya tangi kurudi chini mpaka mdomo upate hewa. Kwa vipimo vyako, kila sentimita moja ya tangi ni lita 6, kwa hiyo zinashuka lita 18. Ziweke kwenye sampu ya 90 kwa 40, maji yanapanda sentimita 5, na hapo sijahesabu yaliyokuwa ndani ya mabomba. Skima uliyoirekebisha ikiwa kwenye sentimita 20 sasa iko kwenye 25. Shingoni mwake maji nayo yamepanda, povu halina tena nafasi ya kupanda taratibu na kukauka, linasukumwa maji kwa maji hadi kikombeni. Umeme ukirudi pampu zote mbili zinaamka pamoja, na ya skima haisubiri sampu ishuke.

Kwa hiyo anza na paipu. Toboa tundu la milimita 5 hivi, sentimita moja chini ya uso wa maji. Hewa itaingia mapema, zitashuka lita 6 badala ya 18, na sampu itapanda chini ya sentimita 2. Atakayekushauri valvu ya njia moja mshukuru, lakini usiitegemee. Punje ya mchanga au kikonokono kikikaa kwenye kifuniko chake, maji yanapita tu.

Pili, mimi kazi yangu ni mafriji. Ile frijigadi tunayoiweka ili kompresa isiwake papo hapo umeme ukirudi, ndiyo dawa yako. Chomeka skima kwenye frijigadi, pampu ya kurudisha iache kwenye soketi ya kawaida. Nyingi zinachelewesha kama dakika tatu, muda ambao pampu yako itakuwa imeshapandisha maji yote juu. Ukichomeka zote mbili kwenye gadi moja umetupa hela.

Sasa hilo dumu. Jirani anaona doa la dari, mimi naona chumvi. Maji yanayotoka kwenye skima yana chumvi, na boya yako inafidia kwa maji matamu. Mfumo wako, ukitoa mawe na mchanga, tuseme una lita 300. Skima ikishamwaga nje lita 30 kwa jumla, chumvi imeshuka kutoka 35 hadi 31 na nusu kwa elfu, na kwa macho huoni chochote, maji yako pale pale kwenye alama. Leo leo pima.

Dumu lifanye hivi. Kifuniko kitoboe matundu mawili, moja la mpira wa skima, la pili la kimpira chembamba cha hewa, yote yazibwe kwa silikoni yasivuje. Kimpira cha hewa kipandishe mpaka juu kuliko kikombe cha skima ukifunge huko. Dumu likijaa, maji hayana pa kwenda, yanarudi nyuma hadi kikombeni, na kikombe kinafurikia ndani ya sampu. Uchafu utarudi kwenye maji, ndiyo, lakini sakafu kavu na chumvi haijatoka. Halihitaji umeme wala swichi. Lijaribu kwanza kwa maji ya bomba bafuni.

jembe_halichoki

Fundi, hiyo frijigadi sawa, lakini pampu ya kurudisha ikigoma kuwaka? Za kwangu zikisimama muda mrefu propela inang'ang'ania. Dakika tatu zikiisha skima inawaka kwenye maji yale yale ya juu.

fundi_baridi

Hapo umenena. Ndiyo maana ya dumu lililozibwa. Ukitaka kinga zaidi, weka swichi ya boya juu kidogo ya usawa wa kawaida wa sampu, maji yakifika hapo ikate skima. Ila swichi ile ndogo ipitishe volti 12 tu, iamrishe rilei, na rilei ndiyo ikate umeme mkubwa mbali na maji. Nimeona watu wanapitisha 230 moja kwa moja kwenye kiboya cha plastiki kinachoelea kwenye maji ya chumvi. Weka na breka ya kuvuja umeme, na kila waya ulegee chini ya soketi kabla ya kupanda kuingia, matone yadondokee hapo.

Bi_Likoni

Kaka wa Upanga, hilo la Jumapili ni gundi, wala usilichanganye na la umeme. Gundi ya kukanda ikiwa mbichi majini hutoa vitu vinavyokimbilia kwenye viputo, na skima kazi yake ni viputo, basi hufura. Dawa ya kuondoa klorini nayo hufanya hivyo, dawa za magonjwa pia, na mikono yenye sabuni au losheni. Kwangu ikianza hivyo huondoa mpira wa dumu, nikaacha kikombe kifurikie sampuni, skima ikaendelea kuzunguka maana hewa yake samaki wanaihitaji. Kisha natia kaboni ya chujio kwenye mfuko wa wavu pale maji yanaposhukia. Kaboni ya akwaria, si mkaa wa jikoni, nasema kwa sababu niliwahi kuulizwa. Siku moja mbili hutulia bila kugusa skurubu yoyote.

Na chumvi ukikuta imeshuka usiirudishe kwa pupa, wala usimwage chumvi kavu juu ya samaki. Lile pipa la boya litie maji ya bahari badala ya maji matamu, yanayokauka yakijazwa hayo kipimo kitapanda polepole. Pima kila siku, uzito wa maji ukifika 1.025 au 1.026, karibu na ile 35 kwa elfu ya fundi, rudisha maji matamu. Maji yachote bahari ikiwa imejaa, mbali na midomo ya mito, hasa masika.

upanga_ghorofani

Nimepima kwa refraktometa, kile kipima chumvi: 1.022. Kangaja kumbe alikuwa anajificha nyuma ya mawe siku zote hizi nikidhani anaringa. Pipa nishalibadilisha maji, Jumamosi naenda kuongeza ya Kigamboni.

Mdomo wa paipu ulikuwa sentimita 4 chini. Nimetoboa tundu, nikazima meni swichi makusudi: sampu imepanda vidole viwili ikasimama. Frijigadi nimeivua kwenye friji ya jikoni kwa majaribio, mama watoto hajui bado. Nikawasha: pampu ikaanza, sampu ikashuka, skima ikaja baadaye ikakaa kimya kama dakika kumi ndipo povu likaanza kupanda shingoni. Dumu bado, silikoni inakauka.

Swali la mwisho. Hilo tundu halitazibwa na ukoga?

fundi_baridi

Litaziba, liko karibu na taa. Kila ukiosha kikombe lichokonoe kwa kijiti cha meno. Na kununua frijigadi ya pili ni kesho asubuhi, mkuu, kabla umeme haujarudi kwa kishindo ukala kompresa ya mama watoto.