Rampu ya shule imegeuka mlima Kitonga, tunairekebishaje?

FundiCherehani_Tukuyu
Wakuu, habari za jioni. Mwanangu yuko darasa la tano, anatumia kiti mwendo. Mwaka jana wazazi tulichanga saruji na kokoto, rampu ikajengwa, ile njia ya mteremko ya kumpandisha barazani, tukapiga vigelegele. Sasa mvua zimeanza, na ya Tukuyu mnaijua, haipigi hodi. Fundi aliipiga niru, ile saruji laini ya juu, ikang'aa kama sebule ya bi harusi. Ikilowa ni sabuni tupu. Juzi wenzake wawili walikuwa wanamsukuma, mmoja akateleza, kiti kikarudi kinyumenyume hadi mtaroni. Hakuumia, ila tangu siku hiyo mapumziko habanduki darasani, na uji hanywi asije akabanwa. Mwalimu mkuu ananiambia rampu ipo, mbona imeshaandikwa kwenye taarifa. Nimepima kwa futi yangu ya kushonea: kutoka chini hadi barazani sentimita 45, rampu urefu mita 2. Nianzie wapi?

Fundi_Ipogolo
Pole mama. Hiyo kweli ni Kitonga, ule mlima mkali wa barabara ya Iringa. Kipimo ni moja kwa kumi na mbili: ukipanda sentimita 1, uende mbele 12. Kwako ni mita 5 na sentimita 40. Nafasi ikibana, ipindisheni ifuate ukuta, na kwenye kona muache bapa la mita moja na nusu kila upande, kiti kigeuke. Niru yote ivunjwe. Zege jipya likianza kukaza, pitisha fagio la chelewa kwa kukatisha njia. Ile michirizi ndiyo inashika tairi. Msisahau kingo pembeni.

MwalimuMstaafu
Usibishane kwa mdomo. Andika barua kwa kamati ya shule, nakala kwa afisa elimu kata, utaje Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Na hivyo vipimo vyako viandike vyote.

Magurudumu_Mbeya
Shikamoo mama. Mimi nilisoma kwa kiti hicho hicho. Nilikuwa nakiacha nje ya choo, naingia kwa kutambaa, viganja kwenye maji ya wenzangu. Uji niliuacha kwa sababu hiyo. Kapime mlango wa choo kabla ya kununua saruji.

FundiCherehani_Tukuyu
Marahaba mwanangu. Nimetoka huko sasa hivi. Kiti sentimita 64, mlango 68, nikashukuru. Kumbe unafungukia ndani, na kuna kizingiti cha tofali zima. Miaka yote hiyo hakuwahi kuniambia.