Mdogo wangu kavunjwa mkono na mgonjwa wa akili akiwa zamu. Tufungue kesi?

Wakuu, habari za mchana. Nipo Mtwara. Mdogo wangu ni nesi wodi ya wagonjwa wa akili, jina la hospitali silitaji. Juzi usiku alikuwa zamu na mhudumu mmoja tu. Kijana aliyelazwa wiki iliyopita akachukua stendi ya dripu, akamvunja nayo mkono. Kafungwa hogo, kanga namfunga mimi.

Wakubwa wake wanasema "ni mgonjwa, msamehe." Mama wa kijana alikuja na korosho kilo mbili, akalia mpaka nikalia naye. Ila roho inagoma: alipokuwa anapiga alikuwa anamtaja mdogo wangu kwa jina! Mgonjwa anashtakiwa au hashtakiwi?

Mzee wa Chikongola: Pole. Umshtaki chizi ili upate nini? Kuleni korosho yaishe.

WakiliVumbi: Mzee, acha kupotosha. Kulazwa wodi ya akili si kinga. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 12, inamhesabu kila mtu ana akili timamu mpaka ithibitike vingine. Cha 13 ndicho kinachomwokoa, kama WAKATI ANAPIGA ugonjwa ulimfanya asielewe anachofanya, asijue ni kosa, au ashindwe kujizuia. Mahakama inaweza kumpeleka Isanga, taasisi ya wagonjwa wa akili wenye kesi iliyopo Dodoma, akapimwe. Ikionekana alitenda akiwa hana akili timamu, hafungwi, anazuiliwa kama mgonjwa, na huko hapewi miaka ya kuhesabu. Nyie ripotini polisi, mpewe PF3, ile fomu ya polisi ambayo daktari anajaza majeraha. Kushtaki au kuacha wataamua waendesha mashtaka.

Binti Nachingwea: Hilo la kutaja jina lisikudanganye, dada. Kaka yangu alinirushia sufuria ya uji wa moto huku ananiita jina langu kamili, na akiapa nimemtilia sumu. Jina alilijua. Mimi ndiye hakunijua. Ulizeni kwanza kama kijana alikuwa anapewa dozi zake.

Nesi Mstaafu: Mnabishana kuhusu kijana, mimi nauliza: nani aliwapanga wawili usiku wodi ile? Kaumia kazini, ana haki Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, mgonjwa ashtakiwe asishtakiwe. Mwajiri apewe taarifa kwa maandishi mapema, ikipita miezi 12 imekula kwenu.

Mleta mada: Asanteni. PF3 tumechukua asubuhi, mwenyewe kasema anataka iandikwe tu, kufungwa kwa kijana hakutaki. @Nesi Mstaafu, zile fomu za fidia anaanza kujaza nani, sisi au mwajiri? Bosi wake hapokei simu.