Je, michoro yaweza kumsaidia mtu kuelewa anachokubali kwenye programu ya simu?

Swali, kutoka Umoja, Nairobi
Wenzangu, ninatengeneza programu ya akiba kwa ajili ya vyama vya akina mama. Juzi nilikaa kando ya mama mmoja muuza mitumba wa Gikomba alipokuwa akiisajili: alitelezesha kidole hadi mwisho wa masharti, akabonyeza "Nakubali", kisha akaniuliza, "Sasa nimekubali nini?" Nataka kuweka mchoro kando ya kila sharti, ila mwenzangu ana shaka kama sheria itautambua.

Wakili, Upper Hill
Ndugu, Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 haikatazi michoro. Inataka ridhaa iwe ya wazi, ya hiari na ya jambo mahususi, tena mhusika awe amefahamishwa, na mzigo wa kuithibitisha inamwekea anayekusanya data. Kwa mama uliyemweleza, ungethibitisha nini? Huko Afrika Kusini, wakili Robert de Rooy alitayarisha mikataba ya ajira ya wachumaji matunda kwa vibonzo, nao wakatia saini vibonzo vyenyewe. Angalia tu mchoro usiahidi zaidi ya maandishi.

Mchoraji, Ngara
Naunga mkono, lakini mchoro nao husomwa vibaya. Niliwahi kuchora kufuli nikimaanisha kwamba taarifa zinalindwa, na karibu kila niliyemwonyesha akaelewa kuwa simu itafungwa akichelewa kulipa, hofu yenye msingi kabisa, maana simu za lipa polepole hufungwa kweli. Baadaye nilichora tukio zima: mama amechelewa kulipa, na simu ya dada yake inaita, maana mkopeshaji ameitoa namba hiyo kwenye orodha ya majina iliyo katika simu ya mama. Hapo hakuna aliyeuliza maana ya "kusoma orodha ya majina". Chora linalompata mtu, kisha mwombe akusimulie alichokiona kabla hujamweleza lolote.

Mwalimu, Kasarani
Tafadhali msiwasahau wasioona. Kila mchoro uandikiwe maelezo ambayo simu inaweza kuyasoma kwa sauti.

Muuliza swali
Ahsanteni sana. Jana usiku nilianza na sharti la orodha ya majina. Nilichora simu ya mama na za jamaa zake, lakini nilipofika mahali pa kuonyesha sisi tunayahitaji majina hayo kwa kazi gani, nilikosa cha kuchora. Asubuhi nimeiondoa ruhusa hiyo kwenye programu.